Mkate Usiotiwa Chachu Katika Milima ya Upare

Kiswahili kina neno moja tu: Pasaka. Wamisionari Wajerumani waliopanda milima yetu walikuwa na maneno mawili, moja la karamu ya Waisraeli usiku wa kutoka Misri, jingine la asubuhi ya kaburi tupu. Waingereza waliotawala baada yao nao walikuwa na mawili. Sisi tulipata moja kwa yote, na nadhani tulipata lililo bora. Mtoto wa shule ya Jumapili hapa Kifaru akisikia kwamba wanafunzi walimwuliza Bwana wakamwandalie Pasaka mahali gani, haoni sikukuu ya kigeni. Anaona jiko la mama yake na chapati zikigeuzwa motoni.

Hajakosea sana. Mkate usiotiwa chachu umekuwako Upare kwa zaidi ya miaka 120, tena kwa namna tatu tofauti, na moja kati ya hizo iko nyumbani kwa karibu kila mmoja wetu bila kuitwa kwa jina lake la Biblia. Nataka kuufuata mkate huo: ulitoka wapi, ulitufikiaje, na ni meza zipi uliingia na zipi haukuingia.

Agizo lenyewe liko katika Kutoka sura ya 12. Kila nyumba ichinje mwana-kondoo, nyama iokwe motoni, iliwe usiku ule ule pamoja na mkate usiotiwa chachu na mboga zenye uchungu, walaji wakiwa wamefunga viuno na kuvaa viatu. Kisha siku saba nyumba isionekane chachu ndani yake. Tuangalie hapo ni nani aliyeagizwa. Hakuagizwa kuhani, wala hekalu, maana hekalu halikuwako bado. Iliagizwa nyumba. Tena sura hiyo hiyo inatazamia kwamba watoto watauliza maana ya jambo hilo, na mzazi atajibu. Pasaka ilianza kama chakula cha jioni chenye swali la mtoto ndani yake.

Sababu ya mkate kutokuwa na chachu nayo imeelezwa: watu waliondoka kwa haraka, unga uliokandwa ukabebwa mabegani ndani ya vyombo vyake kabla haujaumuka. Kumbukumbu la Torati sura ya 16 inauita mkate wa mateso. Warumi walipoliharibu hekalu la Yerusalemu mwaka 70, mwana-kondoo alikoma kuchinjwa, lakini mkate na mboga chungu vilibaki mezani, na watoto wakaendelea kuuliza.

Walimu wa Kiyahudi waliweka sheria kali juu ya mkate huo. Lazima utokane na ngano, shayiri au nafaka chache za jamaa yao, kwa sababu ni nafaka zile zile zinazoweza kuumuka kwa namna iliyokatazwa. Tangu maji yanapogusa unga mpaka mkate uingie motoni, zisipite dakika 18. Mama wa Kipare anayesonga ugali atacheka, maana kwa dakika 18 ugali umeshaiva na watu wameshanawa. Lakini ugali wa mahindi hauwezi kuwa mkate wa Pasaka. Mahindi yalitoka Amerika na yakaenea duniani baada ya safari za Columbus, zaidi ya miaka elfu mbili baada ya Musa.

Na makande je? Hapa Wayahudi wenyewe hawapatani. Wale wa Ulaya ya kaskazini na mashariki, tangu karne ya 13 hivi, walijikataza wakati wa Pasaka kula jamii ya kunde na mchele, na mahindi yalipofika yakaongezwa katika orodha hiyo. Wale wa Yemeni, Afrika ya Kaskazini na nchi nyingi za mashariki hawakuwahi kukataza maharage. Kwa hiyo sufuria ya makande, mahindi na maharage kwa pamoja, ingekuwa haramu mara mbili katika nyumba ya Myahudi wa Polandi, na ingelika kwa amani katika nyumba ya Myahudi wa Sana'a. Mwaka 2015 baraza la sheria la tawi moja kubwa la Wayahudi wa Marekani liliruhusu vyakula hivyo hata kwa wale waliokuwa wamejikataza. Makande yetu yakahalalishwa huko mbali bila sisi kujua kwamba yalikuwa kesini.

Turudi nyumbani. Injili ilipofika Upare, mahubiri juu ya chachu yaliwakuta watu wanaoijua chachu vizuri, ila si katika mkate. Milima yetu haikuwa nchi ya ngano. Chakula kilikuwa ndizi, mahindi, maharage, viazi na magimbi. Chachu tuliijua katika chungu cha pombe. Dengelua, pombe yetu ya miwa, huchachushwa kwa matunda ya mwegea, na kila mzee alijua kwamba bila mwegea maji ya miwa yangebaki maji ya miwa. Kiswahili nacho kiliongeza lake. Maharage yaliyolala bila kupashwa yamechacha. Uji uliosahauliwa umechacha. Neno chachu lilikuwa limeshahukumiwa jikoni kabla mhubiri hajafungua Wakorintho wa Kwanza sura ya 5, pale Mtume Paulo anaposema chachu ya zamani iondolewe. Mwenyeji wa pwani ana neno jingine, hamira, la Kiarabu, lenye shina moja na neno la Kiarabu la mvinyo. Lakini hamira ni neno la mwokaji, halina lawama ndani yake. Sijui kama watafsiri wa Biblia walikusudia, lakini walipochagua chachu badala ya hamira walimsaidia sana mhubiri.

Namna ya kwanza ya mkate huo ilikuja na Misheni ya Leipzig. Ilikuwa imeanza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, na mwaka 1900 ikafungua kituo Shighatini, Upare Kaskazini. Walutheri wale walileta desturi ya Kanisa la Magharibi: hosti, duara jembamba jeupe la unga wa ngano na maji, lisilo na chachu. Wakatoliki walikuwa na hosti hiyo hiyo. Ni mkate safi, wa haki kabisa kwa mujibu wa Kutoka 12, lakini hauna sura ya mkate. Mpare aliyekuwa hajawahi kuona mkate wowote aliona kwanza hosti, na alipofundishwa kwamba huu ni mkate, aliamini. Aliamini vema. Hata hivyo hosti ilikaa kanisani. Haikufika nyumbani, wala hakuna aliyetarajia ifike.

Namna ya pili ilikuja upande wa kusini. Mwishoni mwa mwaka 1903 Waadventista Wasabato wawili kutoka Ujerumani, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walifika Giti, wakaanzisha kituo walichokiita Friedensthal, maana yake Bonde la Amani. Ndio mwanzo wa kanisa hilo katika nchi hii. Baada yao alikuja Ernst Kotz, ambaye alichapisha sarufi ya Chasu mwaka 1909, na Agano Jipya kwa Chasu likatoka mwaka 1922. Sisi Walutheri tuna mengi ya kubishana na jirani zetu hawa, na tumebishana, hata ndani ya ukoo mmoja na kwenye matanga. Lakini katika jambo la mkate walifanya kitu ambacho nakiheshimu. Hawakuagiza hosti. Mkate wao wa Meza ya Bwana hupikwa na washiriki wenyewe, kwa kawaida akina mama mashemasi, siku za karibu na ibada. Mapishi yake yanajulikana: kikombe kimoja cha unga wa ngano, robo kikombe ya mafuta, maji baridi vijiko viwili vya chakula na chumvi kidogo. Hukandwa, husukumwa, hukatwa miraba na kuokwa. Kabla ya kuula huoshana miguu, wawili wawili, na mkate unaobaki huteketezwa au kuzikwa kwa heshima. Katika kijiji chenye kanisa hilo utampata daima mama mmoja anayejua kwa mikono yake, si kwa masikio tu, mkate usiotiwa chachu ni kitu gani.

Mwaka 1903 una mambo mengine. Mwezi Aprili wa mwaka huo, siku za Pasaka ya Kikristo, katika mji wa Kishinev uliokuwa chini ya Urusi, Wakristo waliwavamia majirani zao Wayahudi, wakaua watu 49 na kuharibu mamia ya nyumba. Gazeti la mji lilikuwa limeeneza ule uwongo wa zamani wa Ulaya, kwamba Wayahudi hutia damu ya mtoto wa Kikristo katika mkate wa Pasaka. Unga na maji! Tena kwa watu ambao Torati inawakataza kula hata damu ya kuku. Ni kwa sababu ya mateso ya namna hiyo kwamba mwezi Agosti mwaka huo huo mkutano wa Wazayuni mjini Basel uliletewa pendekezo la serikali ya Uingereza la kuwapa Wayahudi ardhi ya Uasin Gishu, katika nchi ambayo leo ni Kenya. Walilikataa mwaka 1905. Naliweka jambo hili hapa kwa sababu mtu anayetaka kusema habari za mkate huo katika kitabu cha kanisa hana budi kukumbuka kwamba watu wameuawa kwa ajili yake, na waliowaua walikuwa wametoka kuimba nyimbo za ufufuo.

Namna ya tatu haikuletwa na misheni yoyote. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905, kisha ikapita tambarare chini ya milima yetu mpaka Moshi mwaka 1911. Pamoja na reli yalikuja maduka ya Wahindi, na unga wa ngano, na mafuta ya kupikia, na chai. Chapati ilikuwa imeshazoeleka pwani. Sasa ikapanda bara. Ukiitazama chapati kwa jicho la Kutoka 12 utashangaa: unga wa ngano, maji, chumvi, mafuta kidogo, husukumwa na kuiva juu ya chuma cha moto. Haina hamira. Hiyo ndiyo iliyoingia nyumbani, kwa Mlutheri, kwa Msabato, kwa Mkatoliki na kwa Mwislamu wa Usangi na Ugweno.

Ila iliingia kwa mlango wa karamu. Ngano ilikuwa ya kununua, na mafuta ya kununua. Chapati ikawa chakula cha Krismasi, cha ubatizo, cha mgeni aliyetoka Dar es Salaam. Wanaokumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera, wanakumbuka foleni za unga na sukari, na jinsi kilo mbili za ngano zilivyofichwa juu ya kabati mpaka Desemba. Kwa hiyo kwetu mambo yamegeuka. Katika Torati mkate usiotiwa chachu ni mkate wa mateso, na uliochachuka ndio wa raha. Katika milima yetu kitu kilichochacha ndicho cha kila siku, na mkate usio na chachu ndio wa furaha. Mzazi akimwambia mtoto kwamba Waisraeli walikula chapati kwa sababu walikuwa watumwa, mtoto atauliza kama utumwa ulikuwa mtamu kiasi hicho.

Walimu wa Kiyahudi waliliona tatizo hili. Mkate uliokandwa kwa mafuta, asali au mayai waliuita mkate wa kitajiri, na wakasema hautoshi kulitimiza agizo la usiku wa kwanza. Usiku ule unataka unga na maji tu. Kwa kipimo hicho hosti yetu inapita, mkate wa Wasabato una mafuta mengi, na chapati ya kusukuma yenye matabaka inayosifiwa katika migahawa ya barabara kuu hapa Kifaru ndiyo tajiri kuliko wote.

Lakini hakuna taifa lililoshika Pasaka bila kuipika kwa jiko lake. Wayahudi wa Yemeni, ng'ambo tu ya bahari kutoka pembe ya Afrika, hawakuoka ule mkate mkavu unaovunjika kama biskuti. Wao waliuoka mkate laini, mwembamba, wa kukunjika, uliobandikwa kwenye kuta za tanuri la udongo. Neno tanuri, kwa njia, ni lile lile la Kiarabu na la Kiebrania cha Musa. Ukipewa mkate wa Yemeni gizani utasema ni chapati iliyokosa mafuta. Mkate uliobaki waliukatakata ndani ya mchuzi wa nyama. Wale wa Ulaya ya mashariki waliuloweka mkate wao mkavu na kuukaanga na mayai, au wakausaga na kutengeneza matonge ya kutia katika supu ya kuku. Waliotoka Hispania na kukaa Uturuki na Ugiriki waliupanga tabaka juu ya tabaka na nyama ya kusaga katikati. Vyote hivi vilikuwa vyakula vya kawaida vya nchi hizo, vikavuliwa chachu na kuvishwa mkate wa Pasaka.

Karibu zaidi nasi ni Beta Israel wa Ethiopia. Chakula chao cha mwaka mzima, kama majirani zao wote, ni injera, mkate mlaini wa nafaka ya tefu ambao hauwi injera mpaka uchachuke siku kadhaa. Ilipofika Pasaka waliuacha kabisa kwa siku saba, wakala kitta, mkate bapa wa haraka usiochachwa. Hata maziwa mgando waliyaacha. Mpare anaweza kuelewa uzito wa jambo hilo kuliko Mzungu, maana Mzungu huacha mkate akala viazi. Mwethiopia aliyeacha injera ameacha chakula chenyewe.

Na karibu zaidi tena ni Mbale, mashariki ya Uganda. Huko Semei Kakungulu, jemadari Mganda aliyewasaidia Waingereza kuishika nchi ile kisha akakosana nao, alisoma Biblia ya Kiganda mpaka akafikia uamuzi kwamba Torati bado inadai. Mwaka 1919 alitahiriwa yeye na wanawe. Alipoambiwa kwamba tohara ni ya Wayahudi, alisema basi yeye ni Myahudi. Alifariki mwaka 1928, na wafuasi wake, Abayudaya, wakaendelea. Hawakutoka katika kabila lililopotea wala hawakudai hivyo. Walitoka katika kusoma. Kwa hiyo Pasaka yao walianza kuipika kutoka kwenye ukurasa, katika nchi ya matoke, wimbi na mihogo.

Idi Amin alipotawala alipiga marufuku dini yao. Masinagogi yalifungwa. Wengi wakawa Wakristo au Waislamu, na waliobaki, mia chache tu, walisali kwa siri. Mnamo Oktoba 1978 Amin aliivamia Kagera, na yaliyofuata Mtanzania yeyote wa umri wangu hahitaji kusimuliwa. Vijana walitoka Same, Mwanga, Usangi, Mamba na kila mahali. Kampala iliangukia mikononi mwa jeshi letu na wenzetu wa Uganda siku ya Jumatano, tarehe 11 Aprili 1979.

Tazama kalenda. Jua lilipozama jioni ya tarehe 11 Aprili 1979 ndipo ulipoingia usiku wa kwanza wa Pasaka ya Wayahudi mwaka ule. Siku iliyofuata ilikuwa Alhamisi Kuu yetu. Jinja ilikombolewa tarehe 22, na Mbale baada ya hapo, kwa hiyo hofu haikuwa imekwisha, lakini redio ilikuwa imeshasema kwamba Amin ameanguka. Watu waliokatazwa kula Pasaka waliletewa habari za kuanguka kwa Farao wao jioni ya Pasaka yenyewe. Abayudaya hawajaacha kuisimulia tarehe hiyo. Sisi, ambao watoto wetu ndio waliobeba bunduki, nadhani hatujawahi kuihubiri hata mara moja. Kesho yake usiku tuliketi katika makanisa yetu, mama za askari wakiwa benchi za mbele, tukapokea hosti, tukaimba, tukarudi nyumbani kula makande. Hakuna aliyejua kwamba nchi jirani kulikuwa na nyumba ambazo mkate usiotiwa chachu ungeweza sasa kuliwa mlango ukiwa wazi.

Jambo hili limenifanya nifikirie upya meza ya nyumbani. Katika miaka ya karibuni zipo jumuiya na vikundi vya akina mama vinavyouliza kama inafaa familia ya Kikristo kula chakula cha Pasaka jioni ya Alhamisi Kuu. Mimi naona inafaa, kwa sharti moja. Tusijifanye Wayahudi. Usiku wao wa Pasaka una sala zake, vikombe vyake vinne na utaratibu wake, na watu waliouhifadhi wakati sisi Wakristo tunawapiga mawe wana haki nao. Mwana-kondoo wa kuoka pia tumwache, maana Wayahudi wengi wenyewe hawamli usiku huo tangu hekalu livunjwe, na kwetu Paulo ameshasema ni nani Pasaka wetu. Tunachoweza kuchukua ni kile ambacho Biblia yetu wenyewe inatupa: nyumba, mkate, mboga chungu na swali la mtoto.

Jiko la Kifaru lina vitu hivyo vyote. Maandazi, vitumbua, mkate wa kumimina, skonzi na mkate wa boflo vipumzike. Togwa ipumzike, na dengelua, kwa wale ambao bado wanaijua, ipumzike zaidi. Chapati ibaki, ila ya jioni hiyo ikandwe kwa unga, maji na chumvi pekee, isukumwe nyembamba, itobolewe kwa uma isivimbe, iive juu ya chuma kikavu bila tone la mafuta. Itakuwa ngumu kidogo, na watoto watalalamika, na hapo ndipo pa kuanzia kuwajibu. Chapati za maji zinafaa mradi uji wake ukorogwe na kupikwa saa ile ile. Ukilala usiku kucha katika joto la tambarare utachacha wenyewe. Manda za sambusa hazina hamira tangu mwanzo, na sambusa ya nyama ni ndugu wa kile chakula cha matabaka cha Wayahudi wa Ugiriki. Chapati iliyoviringishwa na mayai, ambayo vijana wa Uganda huiita rolex na wetu wameiiga, ni sawa na kile cha Ulaya ya mashariki. Wayahudi huweka pia mezani mchanganyiko mtamu wa matunda na karanga wa kukumbuka udongo wa matofali ya Farao. Tende zipo dukani, jirani zetu Waislamu wamehakikisha hilo, na ndizi mbivu zilizopondwa na karanga zina rangi ya udongo kuliko kitu chochote. Samaki wa Nyumba ya Mungu hakatazwi. Makande, kama tulivyoona, yameshashinda kesi.

Limebaki swali la madhabahuni, na ndilo linaloleta joto katika vikao vya wazee wa kanisa: hosti zikiisha, chapati inaruhusiwa? Kanisa limegombana juu ya mkate huu kabla yetu. Katika miaka ya 1053 na 1054 Konstantinopoli na Roma zilitupiana maneno makali, Mashariki wakishika mkate uliotiwa chachu na Magharibi usiotiwa, na mgawanyiko ule haujapona mpaka leo. Kanisa Katoliki limeandika katika sheria zake za mwaka 1983, kanuni 924 na 926, kwamba mkate uwe wa ngano tupu na usio na chachu, hivyo kwao chapati yenye mafuta imekwisha kujibiwa. Walutheri hatuna kanuni ya namna hiyo. Tumefundishwa kwamba katika mambo ambayo Bwana hakuyaamuru, dhamiri isifungwe. Ya unga na maji tu naona haina tofauti na hosti isipokuwa umbo na mahali ilipookwa. Ya mafuta ningeiacha, si kwa kuogopa dhambi, bali kwa sababu kuna mshiriki atakayekumbuka Krismasi badala ya Kalvari. Na jambo lenyewe liamuliwe na baraza la wazee mapema. Lisiamuliwe na mchungaji mmoja aliyechungulia mkebe asubuhi ya ibada.

Mboga chungu hazihitaji kikao. Mchunga, ambao kwa ukoo wake ni jamaa ya saladi na mboga chungu ambazo walimu wa Kiyahudi waliziorodhesha kwa ajili ya Pasaka, huota wenyewe masika, na Pasaka kwetu huangukia masika. Kanaani hiyo ilikuwa saa ya kuanza kuvuna shayiri. Huku chini ni saa ya palizi, ghala la mwaka jana limebaki na magunzi, na wengi wanakula mara moja kwa siku bila kutangaza. Fungu la mchunga wakati huo ndiyo bei rahisi kuliko kitu chochote sokoni, na ukishuka bondeni baada ya mvua huna haja hata ya kununua.